Kupunguza uzito bila kuuacha wali wa nazi: tupange wanga, protini na mafuta kwa chakula chetu cha Lamu

#1 BintLangoni (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Amu (Lamu), Malindi, Mombasa na popote mlipo.

Kazi yangu ni ushauri wa lishe, na nyumbani ndiye mimi nishikaye mwiko. Swali ninaloulizwa kuliko jingine lolote ni hili: "Nimeacha wali, nala chapati mbili na chai tu, mbona mwili haupungui?" Linaniuma, kwa sababu mwenye kuuliza mara nyingi anajinyima kweli. Analala na njaa. Akija kwangu ameshaambiwa ni mvivu, ameshaambiwa hana nia, na kule mtandaoni amepewa ratiba ya shayiri, brokoli na kifua cha kuku, vitu ambavyo kwetu ama havipatikani ama bei yake haishikiki. Chakula anachopika kila siku hakuna aliyemfanyia hesabu yake. Basi tuifanye hapa.

Kwanza msingi. Nguvu ya chakula inatoka sehemu tatu: wanga, protini na mafuta. Gramu 1 ya wanga ina kalori 4, gramu 1 ya protini ina kalori 4, gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Uzito hupungua pale mwili unapopata kalori chache kuliko unazotumia, na hakuna dawa, ndimu wala tangawizi inayolikwepa hilo. Lakini namna unavyozigawa kalori hizo ndiyo inayoamua kama utashinda na njaa au umeshiba, kama kitakachopungua ni mafuta au ni misuli, na kama utaweza kuendelea hata miezi ikipita.

Sasa tuje jikoni. Wali mweupe uliopikwa kwa maji, g 100, una kalori 130 hivi, wanga g 28, na protini isiyofika g 3. Hapo hapana ajabu. Ajabu iko kwenye tui. Kasimele, lile tui la kwanza zito, g 100 lina kalori 230 hivi na mafuta g 24. Kikombe kimoja kina mafuta zaidi ya g 55. Mama tutakayemfanyia hesabu hapo chini, mafuta yake yote ya kutwa nzima ni g 52.

Tazama siku ya kawaida. Asubuhi hamri, limekandwa kwa tui kisha likaingia kwenye karai la mafuta. Pembeni mbaazi za nazi. Mchana wali wa nazi, na samaki wa kupaka ambaye amepakwa kasimele mpaka akang'aa. Tui limeingia mara nne, na mara zote nne mwenye kula hakuhesabu kuwa amekula mafuta, kwa sababu mafuta kwetu ni yale ya chupani. Ukiacha wali ukabaki na chapati za kusukumwa kwa mafuta na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu vya sukari, umehama chumba, nyumba ni ile ile.

Upande wa pili wa sinia ndio unaonisikitisha zaidi. Tunaishi kisiwani, tumezungukwa na changu, tafi, nguru, jodari, pweza na ngisi, kisha kwenye sahani samaki ni kipande cha kuonjea na wali ni mlima. Samaki tunamwita kitoweo, na kitoweo kwa mazoea yetu ni cha kuteremshia wali. Mtu anayetaka kupungua inambidi aupindue mpango huo: samaki awe ndio chakula, wali umsindikize.

Sababu ziko tatu na zote nzito. Protini inashibisha kuliko wanga na mafuta kwa kalori zile zile. Pili, mwili hutumia nguvu nyingi kuisaga: kati ya asilimia 20 na 30 ya kalori za protini hupotea katika kazi ya kuisaga na kuitumia, wakati wanga ni asilimia 5 hadi 10, na mafuta 0 hadi 3. Tatu, na hili ndilo nalililia, mwili unaopungua bila protini ya kutosha huila misuli yake. Mtu anakonda uso na mikono, tumbo limebaki, na akipanda ngazi za nyumba zetu hizi za ghorofa anahema.

Mtu mzima wa kawaida anashauriwa protini g 0.8 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa anayepunguza uzito, g 1.2 hadi 1.6 humlinda vizuri zaidi.

Hesabu ya mfano. Mama wa miaka 38, kilo 82, urefu sm 160. Kuna kanuni ya Mifflin-St Jeor, ilitolewa mwaka 1990, na kwa mwanamke iko hivi: zidisha kilo mara 10, ongeza urefu wa sentimita mara 6.25, toa miaka mara 5, kisha toa 161 (mwanamume badala ya kutoa 161 anaongeza 5). Kwa mama huyu: 820 + 1,000 − 190 − 161 = 1,469. Hizo ni kalori ambazo mwili wake unatumia hata akilala kutwa. Zidisha 1.4 kwa shughuli za nyumbani na kutembea kidogo, unapata kama 2,050. Punguza 500, abaki na 1,550.

Kalori 1,550 tunazigawa hivi: protini g 100 (kalori 400), mafuta g 52 (kalori 468), wanga g 170 (kalori 680). Mafuta hapo ni asilimia 30 ya kalori zote, ndiyo kikomo kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani.

Na sahani yake iwe hivi. Asubuhi mayai 2 ya kuchemsha na nusu kikombe cha pojo (choroko). Mchana samaki wa kuchoma g 150, wali g 200, kachumbari na mchicha tele. Alasiri kikombe cha maziwa lala na embe. Usiku samaki au kuku g 100, kikombe cha mbaazi, na mboga za majani. Protini: mayai g 12, pojo 7, samaki wa mchana 37, maziwa 8, samaki wa usiku 25, mbaazi 11. Jumla g 100 kamili, na hajanunua kitu cha kopo wala unga wa misuli.

Vyakula hivyo vyenyewe vina mafuta ya asili kama g 24. Zimebaki g 28 za kupikia: kijiko 1 cha chakula cha mafuta ya chupani ni g 14, na vijiko 4 vya kasimele ni g 14. Kwa hiyo nazi ipo! Imepimwa tu. Mafuta ya nazi kama sehemu tisa katika kumi ni yale mazito yanayoganda, na hayo Shirika la Afya Duniani linataka yasizidi asilimia 10 ya kalori, yaani g 17 kwa mama huyu. Ndiyo maana nimesimama kwenye vijiko 4, na maziwa nashauri yaliyopunguzwa malai.

Namna ya kupika: wali pika kwa tui la pili au la tatu, lile jepesi, tena nusu tui nusu maji. Mbaazi zichemshe kwa maji na chumvi mpaka ziive kabisa, halafu dakika za mwisho mwagia vijiko viwili vya kasimele na ukoroge taratibu. Harufu inakaa juu, ulimi unaridhika, na sufuria nzima haijabeba vikombe viwili vya kasimele. Samaki mchome kwanza kwa ndimu, kitunguu thomu na pilipili, kisha mpake kasimele kwa brashi akishaiva, tabaka moja.

Karibuni kwa maswali.

#2 Nahodha wa Shela

Bint, ahsante sana, umesema kweli tupu. Ila mimi nina tatizo ambalo hukuligusa. Sisi tunakula sinia moja, watu sita, mkono kwa mkono. Hiyo g 200 ya wali nitaipimaje? Nikitoa sahani yangu pembeni, mke wangu ataona nimechukia chakula chake, na watoto watauliza baba ana ugonjwa gani.

#3 BintLangoni

Shikamoo Nahodha. Swali lako ndilo lenye uzito kuliko hesabu zangu zote, kwa sababu ratiba za lishe karibu zote zimeandikwa kwa mtu anayekula peke yake, kwa uma, sahani yake mbele yake. Sisi hatuli hivyo, na sitaki mtu yeyote aache sinia la nyumba yake kwa sababu ya kilo kumi. Kula pamoja kuna faida zake mwilini na moyoni.

Fanya hivi. Kabla mikono haijaingia, wali wa upande wako utengeneze kwa kiganja mpaka uone umefika ukubwa wa ngumi yako moja, ngumi na kidogo. Ngumi moja ya wali ni g 150 hadi 200 kutegemea mkono. Uliobaki usukume katikati, utaliwa na vijana, wao wanakua. Hakuna atakayeona, ni jambo la kawaida mkubwa kuwasogezea watoto. Samaki wako awe mkubwa kama kiganja bila vidole, na unene wa kiganja. Anza na samaki na kachumbari, wali uufuate. Ngumi yako ikiisha, osha mikono, kaa hapo hapo mzungumze. Tonge za nyongeza huja kwa kungojea wenzio.

Lakini dawa yenyewe iko kwa mkeo. Mwenye mwiko anaweza kulipunguza tui kwa watu sita kwa mara moja, na hakuna anayehitaji kujitenga. Kaa naye umweleze kuwa unataka ukae naye miaka mingi, na kwamba chakula chake unakipenda. Mwombe mambo mawili tu: tui jepesi kwenye wali, na samaki waongezwe kidogo wali upungue kidogo. Gharama itakaribiana.

#4 Mwanamalindi

Mie natoka Malindi, na ninapingana nawe kidogo, dada. Wanga ndio adui. Niliacha kila kitu, wali, sima, muhogo, chapati, hata embe. Nilikula nyama, samaki, mayai na mafuta ya nazi. Wiki ya kwanza tu kilo 4 zilitoka. Mnasema nini kuhusu hilo? Tena nimesoma kuwa mafuta ya nazi yanayeyusha mafuta ya tumbo.

#5 BintLangoni

Kaka, kilo 4 zimetoka, siwezi kukukatalia, mizani imesema. Nataka ujue zilikuwa nini. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye ini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika maji kama g 3. Ukiacha wanga, akiba inaisha na maji yake yanatoka. Kilo za siku za mwanzo kwa sehemu kubwa ni maji, na siku ya kwanza ukirudi kwenye wali zinarudi, kisha mtu anavunjika moyo anadhani wali umemnenepesha usiku mmoja. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Huwezi kuyeyusha kilo 4 za mafuta kwa wiki hata ukifunga usiku na mchana.

Wataalamu walishalipima jambo hili kwa watu wengi. Mwaka 2009 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti wa watu 811 waliopewa milo minne, wengine mafuta mengi wengine kidogo, wengine protini nyingi wengine kidogo, wanga kuanzia asilimia 35 hadi 65. Baada ya miaka 2 wote walikuwa wamepungua karibu sawa, kama kilo 4 kwa wastani. Mwaka 2018 jarida la JAMA likatoa utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, watu 609 kwa miezi 12: waliopunguza mafuta walipoteza kilo 5.3, waliopunguza wanga kilo 6.0. Tofauti hiyo ni ndogo mno kusema njia moja imeishinda nyingine. Katika kila kundi walikuwapo waliopungua sana na wasiopungua kabisa.

Kwa hiyo njia yako si haramu. Kama inakushibisha na unaiweza mwaka mzima, vipimo vyako vya damu viko sawa, endelea. Ninachokuuliza ni kama utaiweza siku ya Idi kwa mamako. Wengi ninaokutana nao hawaiwezi, na kwao wanga wa kiasi wenye nyuzinyuzi, kama mbaazi, kunde, pojo, boga na matunda, ndio njia wanayodumu nayo. Mtu mzima anashauriwa nyuzinyuzi angalau g 25 kwa siku. Kikombe cha mbaazi peke yake kina g 11 hivi. Ukiondoa wanga wote unaziondoa na hizo, na choo kinakuwa taabu.

Kuhusu mafuta ya nazi: kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 hivi, sawa na mafuta mengine yote. Kuyaongeza juu ya chakula hakuyeyushi tumbo.

#6 MamaWatatu

Dada yangu, yote mazuri lakini samaki g 250 kwa siku kwa mtu mmoja? Kusi likivuma bahari ikichafuka, mashua hazitoki, samaki bei juu. Sisi wa kipato kidogo tutapungua kwa nini?

#7 BintLangoni

Mama, hapa umenigusa, maana lishe ikiwa ya wenye pesa peke yao haina faida.

Pojo, kunde, mbaazi na maharagwe ndio samaki wa msimu wa kusi. Pojo iliyochemshwa, g 100, ina protini g 7, nyuzinyuzi zaidi ya g 7 na kalori 105 tu. Ila vyakula vya jamii ya kunde vina wanga pia, kwa hiyo ukila pojo kikombe kizima, wali uupunguze uwe nusu ngumi. Hapo ndipo watu wengi hukosea: wanakula mbaazi na wali ule ule mlima, wanahesabu mbaazi kama samaki. Mbaazi zina miguu pande mbili.

Mayai yana protini g 6 kila moja. Maziwa lala. Ngisi na pweza mara nyingine hupatikana kwa bei nafuu kuliko nguru, na nyama yao ni protini tupu karibu, mafuta kidogo sana. Pweza mchemshe, usimkaange. Dagaa pia, ukimla mzima na mifupa unapata na kalsiamu ya kujenga mifupa. Ng'onda na papa mkavu wanafaa, lakini roweka usiku kucha ubadilishe maji, kwa sababu chumvi ya kutwa isizidi g 5, kijiko kimoja cha chai, na samaki wa chumvi akiliwa bila kurowekwa huvuka hapo haraka.

Na kama protini haikufika g 100, ikawa 75 au 80, usijilaumu. Gawanya hiyo uliyo nayo, asubuhi kidogo, mchana kidogo, usiku kidogo. Kifungua kinywa chetu ndicho kilicho maskini wa protini kuliko mlo mwingine wowote, hamri na chai ya sukari, na saa nne mtu ana njaa tena.

#8 Muuguzi wa Pwani

Naomba niongeze, tafadhali msomaji usilipite hili. Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge kama gilibenklamaidi, usipunguze wanga ghafla bila kuonana na daktari wako. Dawa imepimwa kwa chakula ulichokuwa unakula. Ukiondoa wali dawa ikabaki ile ile, sukari inaweza kushuka mpaka ukaanguka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa. Dalili hizo zikija kunywa kitu cha sukari mara moja, kisha utafute msaada. Wenye figo mbovu msiongeze protini bila ushauri. Wajawazito na wanaonyonyesha, huu si wakati wa kukata kalori.

#9 BintLangoni

Ahsante sana muuguzi. Nakubaliana na kila neno, na yeyote anayeusambaza uzi huu na asambaze na ujumbe huo.

#10 KijanaMkomani

Mimi sipendi kuhesabu. Kila jioni natembea mpaka Shela na kurudi. Si inatosha?

#11 BintLangoni

Endelea mwanangu, usiache, moyo wako utakushukuru na usingizi utakuwa mzuri. Ila kwa kupunguza uzito peke yake, kutoka mjini mpaka Shela ni kilomita 3 hivi, na kwa mtu wa kilo 80 kalori zinazotumika kwa kwenda hazifiki 200. Ukipumzika Shela ukanywa soda moja ya ml 300, ina sukari zaidi ya g 30, yaani kalori zaidi ya 120. Zaidi ya nusu ya safari ya kwenda imelipwa pale pale. Kunywa maji, au dafu moja.

Cha kuongeza ni kazi ya nguvu. Anayebeba ndoo za maji, anayevuta kamba za jahazi, anayepanda minazi, anajenga misuli. Wewe wa ofisini piga push-apu, kaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, beba mtungi wa maji ngazi juu na chini, mara mbili tatu kwa wiki. Protini bila kazi ya misuli inafanya nusu ya kazi yake.

#12 Bi Mkubwa Matondoni

Mwanangu nimesoma yote nimefurahi. Mimi ni mtu mzima, hesabu za gramu siziwezi, na mizani sina. Nitajuaje kama nafanikiwa? Halafu na chai, je? Chai sitaiacha.

#13 BintLangoni

Shikamoo bi mkubwa. Mizani huihitaji. Chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno asubuhi kabla ya kula, utepe upite juu ya mfupa wa nyonga, usivute tumbo ndani. Pima mara moja kwa wiki, siku ile ile. Mwanamke akipita sm 88, na mwanamume sm 102, hatari ya kisukari na moyo imepanda sana. Kuanzia sm 80 na sm 94 ni wakati wa kuangalia. Utepe ukirudi nyuma hata kama mizani imesimama, mafuta yanatoka. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri. Mwenye kukuahidi kumi kwa mwezi mkimbie. Na kwa umri wako nakuomba zaidi usiipunguze protini, kwa sababu misuli ikipotea uzeeni kuirudisha ni kazi kubwa, na kuanguka ngazini kunatokana na hapo.

Chai kunywa. Sukari ndiyo ya kuangalia. Kijiko cha chai ni g 4, kalori 16. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja vijiko vitatu, ni g 36 za sukari. Shirika la Afya Duniani linataka sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya kalori, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa yule mama wetu wa kalori 1,550 asilimia 10 ni g 38. Chai peke yake imekaribia kuimaliza, bado halwa na kaimati. Punguza nusu kijiko kila wiki, ongeza iliki, tangawizi na mdalasini. Ulimi huzoea. Kahawa chungu haina neno, ila tende za pembeni mbili zinatosha.

#14 Mwanamalindi

Dada, nimekuelewa kwenye maji na akiba ya wanga. Nitajaribu kurudisha mbaazi na matunda nione. Sasa harusi? Kila wiki hapa kuna biriani, na nikikataa nasemwa.

#15 BintLangoni

Usikatae. Biriani ya Pwani ina kitu kizuri kimoja: masala yake na nyama huwekwa mbali na wali. Kwa hiyo mkono unaweza kuchagua. Chukua nyama na masala, wali ngumi moja, kachumbari ya kutosha, acha viazi vya kukaanga na vitunguu vya kukaanga vilivyomwagwa juu maana vimenyonya mafuta. Pilau ni ngumu zaidi, mafuta yameshaingia kwenye kila punje; hapo punguza kiasi tu. Juisi ya ukwaju ya harusini ina sukari nyingi, kunywa maji kwanza kisha nusu bilauri.

Kabla ya kwenda usijinyime kutwa. Kula mayai mawili au kikombe cha maziwa lala saa za alasiri, ufike ukiwa na akili zako. Mlo mmoja wa harusi hauharibu wiki. Wiki huharibiwa na yale makombo ya biriani yanayoletwa nyumbani kwenye ndoo na kuliwa mpaka kesho kutwa.

#16 MamaWatatu

La mwisho, dada. Mahamri. Umeyataja kwa ubaya tangu juu, na watoto wangu wanayataka kila asubuhi, nami nayapika. Nifanyeje niyapike nisiyale?

#17 BintLangoni

Yale mama, ila kwa hesabu. Hamri la g 50 hukaribia kalori 200, sawa na ngumi ndogo ya wali. Ukila moja asubuhi, mchana wali uwe vijiko vitatu vinne tu. Liweke pamoja na yai na pojo, usile na chai peke yake.

Na kwenye kupika: kanda kwa tui jepesi, sukari punguza nusu, iliki ongeza. Mafuta ya karai yawe moto sawasawa kabla hujatia, hamri liinuke na kuvimba mara moja. Mafuta yakiwa vuguvugu unga unayanywa. Likitoka liweke kwenye chujio lisimame wima dakika mbili, usililaze kwenye sahani. Ya watoto kata madogo. Jaribu kesho kisha utuambie yametokaje, na kama kuna mwenye njia ya kuyaoka kwa mkaa juu na chini kama mkate wa sinia, atuandikie vipimo vyake hapa, mimi nimekuwa nikiitafuta.